Salamu za Kambi ya Juu

MAKARIBISHO

“Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hifadhi, Katibu uliyefuatana naye, Mkuu wetu wa Kituo, na wafanyakazi wenzetu. Sisi wafanyakazi wa Kituo cha Mto tunakukaribisha kwa mikono miwili katika msitu huu. Tunajua umetoka mbali. Jana ulipanda boti alfajiri, ukashuka kwenye miamba ukapita kwa miguu ukingoni huku boti ikivutwa kwa kamba, ukapanda tena, ukanyeshewa, ukakauka, ukanyeshewa upya, halafu ukaanza njia ya matope mpaka hapa. Wengi huahidi kuja, Mheshimiwa. Wewe umefika. Kwa hilo peke yake tunasema asante.”

Mpishi akatua, kama alivyoelekezwa, ili watu wapige makofi. Wakapiga. Makofi ya watu wachache chini ya paa la bati la banda la kulia yana aibu yake, yakaisha upesi, na kila mmoja akarudisha mikono mapajani.

Mgeni rasmi alikuwa mama wa makamo, suruali ameichomeka ndani ya soksi kama Nahodha wa boti alivyomshauri. Pamoja na ushauri huo, asubuhi ile walipomtembeza msituni ruba alimpanda mpaka shingoni. Wakubwa wengine wangepiga kelele na kutafuta wa kumlaumu. Yeye alimng'oa kwa vidole, akamtupa, akauliza, “Eh, tuliishia wapi?” Mpishi alimpenda palepale, na ndiyo maana sasa alikuwa akiisoma risala kwa woga. Mtu usiyempenda humwogopi sana.

Kwa nini asome Mpishi na si mwingine? Risala aliiandika Mkuu wa Kituo, mwanzo mwisho, akimfukuza kila aliyechungulia. Ila Mkuu akisimama mbele ya wakubwa magoti humcheza na sauti humpotelea kooni, kila mtu pale analijua hilo na yeye mwenyewe analijua. Mpishi yeye ni mwanamke mwenye sauti. Akiita watu waje kula, hata walio ng'ambo ya mto huanza kunawa mikono.

HISTORIA YA KITUO

“Mgeni rasmi, kituo hiki ni kikongwe kuliko sisi sote. Waliotutangulia walikijenga kwa mbao za miti iliyoangushwa na upepo, kwa sababu kukata mti uliosimama ni marufuku, na wao ndio waliokuwa walinzi wa marufuku hiyo. Miaka ile wageni walikuja kwa makundi. Walilala hapa, wakapanda njia mwendo wa siku mbili hadi Kambi ya Juu, wakayaona maporomoko makubwa, wakarudi wachafu na wenye furaha. Kambi ya Juu ilikuwa na walinzi wawili, kwa mujibu wa kanuni. Baadaye wageni walipungua, na shughuli zikaendelea kulingana na hali.”

Kulingana na hali! Mpishi aliyasoma maneno hayo kama mtu anayemeza dawa chungu. Hali yenyewe ni hii: mlinzi mmoja wa Kambi ya Juu alistaafu, akashuka na begi lake, akaagwa vizuri, na hakuna aliyeletwa kujaza nafasi yake. Aliyebaki kule peke yake ni mtu wanayemwita Kasuku.

Na hilo jina hakulipata bure. Kasuku alikuwa mtu wa kuongea mpaka chai inampoa mkononi. Ukimuuliza saa ngapi, anaanza kukueleza saa yake aliinunua wapi, muuzaji alikuwa amevaaje, na walivyovutana bei. Alikuwa akichekesha hadi watu wanamsukuma wakimwomba anyamaze wapumue. Sasa chukua mtu wa namna hiyo, kamweke peke yake siku mbili mbali na binadamu, katikati ya miti isiyojibu. Jamani! Ni adhabu ambayo hata aliyeitoa hakujua kwamba anaadhibu.

Ndipo wakabuni lile jambo la mezani. Redio ya mawasiliano ya kituo ina kipaza cha mkononi chenye kitufe ubavuni. Ukikibonyeza, unasikika, ukikiachia, unasikia. Vyote viwili kwa mpigo haviwezekani. Basi kila jioni Fundi wa kituo huvuta waya mpaka banda la kulia, hutundika spika ukutani, hulaza kipaza katikati ya sahani, hukizungushia kitufe ukanda wa mpira ili kibaki kimebonyea, nao wote hula. Kule juu Kasuku naye hula, sufuria mapajani, akisikiliza vijiko vyao, kikohozi cha Nahodha, na ugomvi wa nani kamaliza mchuzi. Wakishamaliza, Fundi hufungua mpira, na Kasuku hupata zamu yake ya kusema.

Mwanzoni zamu hiyo ilikuwa ikimaliza betri. Walikuwa wakimkatiza kwa nguvu, “Kasuku, tubakizie umeme wa kesho!” Naye anasema la mwisho, halafu la mwisho kabisa, halafu anakumbuka jingine. Lakini kidogo kidogo maneno yakampungua. Sasa mpira ukifunguliwa husema, “Nimeshiba. Asanteni. Usiku mwema.” Basi. Redio inabaki kuvuma, na wao wanatazamana. Hakuna anayejua kinachompata mtu anayeacha kusema kule juu, ila Mpishi alikuwa akikiogopa kuliko nyoka.

Kwa hiyo juzi Kasuku aliposema, “Na mimi mniwekee kipaza nimsikie mgeni,” walifurahi kana kwamba wameongezewa mshahara. Mkuu alikuna kichwa, kwa sababu redio ni ya shughuli za kazi tu, kisha akakubali kwa sharti moja: isionekane. Fundi akaficha kipaza nyuma ya jagi la maji, kikiwa kimefungwa mpira wake, karibu kabisa na msomaji. Mtu asiyejua angeona jagi tu.

MAFANIKIO

“Mgeni rasmi, pamoja na uchache wetu, tunajivunia mambo yafuatayo. Njia yote kutoka gatini hadi Kambi ya Juu imefyekwa, na tunaifyeka kila mwezi hata kama hapiti mtu, kwa sababu msitu huu ukiuachia kidogo unafunga mlango. Vitanda vya nyumba ya wageni hutandikwa upya kila Jumamosi. Mwongozaji wetu, kwa kukosa wageni, hutuongoza sisi wenyewe siku za mapumziko ili asisahau kazi yake. Aidha, tumeimarisha mawasiliano ya redio na Kambi ya Juu, na kupitia mawasiliano hayo mlinzi wetu hupata salamu za mkewe kila Jumapili, jambo linalompa ari ya kazi.”

Mkuu akainua kidevu. Sentensi hiyo ya mwisho aliipenda kuliko zote. Mwongozaji naye alikuwa akijichekea kwa kusikia kazi yake imetajwa. Nahodha peke yake ndiye aliyeinamisha uso na kuanza kuchokonoa kucha.

Nahodha alikuwa na sababu. Kila wiki yeye na Mpishi hushuka na boti hadi makao makuu ya hifadhi kuchukua mchele, unga na mafuta. Mke wa Kasuku alikuwa na mazoea ya kuja kuwasubiri getini, mwanamke wa maneno machache, anasimama na watoto wake wawili, anasema, “Mwambieni hatujambo,” anaondoka. Mpishi huyabeba maneno hayo mpaka kituoni, akayasema kwenye redio siku ya Jumapili. Safari moja, mwaka na zaidi sasa, walimkuta karani wa getini tu.

“Yule mama kahama,” karani akasema. “Kachukua watoto kaenda nao kwa kaka yake. Kaacha neno, mwambieni nimesubiri vya kutosha, asinitafute.”

“Kwa kaka yake wapi?”

“Hakusema. Na mimi ningemuulizaje, dada? Analia mtu mbele yako, unaanza kumuuliza anwani?”

Walipanda mto kimya siku ile. Kwenye miamba, wakati wanavuta kamba, Nahodha alisema, “Mwambie ukweli. Ni mtu mzima yule.” Mpishi akajibu kwamba atamwambia, na kwa kweli alikusudia. Jumapili ikafika. Akashika kipaza, akaachia kitufe, akamsikia Kasuku akipumua, anangoja. Moyo ukamshinda. Akabonyeza, akasema, “Mama watoto anakusalimu. Anauliza, umekula nini leo?”

Ndivyo ilivyoanza. Jumapili iliyofuata ilidai salamu nyingine, na iliyofuata nyingine tena. Mpishi akawa anazitunga akichambua mchele: mdogo kang'oka jino, mkubwa anauliza tembo wa huko ni wakubwa kiasi gani, paa lililokuwa likivuja limezibwa. Mkuu akazisikia, akaamini kama wengine walivyoamini, akaziandika kwenye risala. Wangemlaumu vipi? Zilikuwa salamu nzuri.

Tena risala yenyewe waliifanyia mazoezi mezani, jioni baada ya jioni, mpira umefungwa, Kasuku anasikiliza. Na kila Mpishi alipofika kwenye “salamu za mkewe” sauti yake ilizama kidogo, hadi Mkuu akawa anamwambia, “Pandisha hapo, mama, pandisha! Hayo ni mafanikio!”

CHANGAMOTO

“Mgeni rasmi, mafanikio hayakosi changamoto. Kwanza, injini ya boti imechoka, na inatembea kwa hisani ya Fundi. Pili, paa la nyumba ya wageni linavuja, kama ulivyojionea usiku wa kuamkia leo.”

Hapo mgeni rasmi akacheka kwa mara ya kwanza. “Nimejionea. Nilihama kitanda mara mbili.” Na watu wote wakacheka, kicheko kikubwa kuliko utani wenyewe, kwa sababu walikuwa na njaa ya kucheka na mtu mpya.

“Tatu,” Mpishi akasoma, “upungufu wa watumishi.”

Maneno hayo machache ndiyo yaliyomhusu Kasuku. Mpishi na Mkuu walikwisha kuyagombania jikoni. “Andika kwamba yuko peke yake,” Mpishi alimwambia. “Andika kwamba anaacha kuongea.” Mkuu akakataa katakata. “Risala ni ya wote, si ya mtu mmoja. Halafu nikimtaja hivyo watasema mgonjwa, watamstaafisha kabla ya wakati wake. Mimi namlinda, mama. Upungufu wa watumishi, inatosha. Mwenye akili atasoma katikati ya mistari.” Mkuu si mtu mbaya. Anawaogopa wakubwa tu, kama wengi wetu.

Mgeni rasmi akainua kiganja. “Samahani, mama, nikukatishe kidogo. Hili la watumishi naambiwa kila kituo ninachokwenda, na nisiwadanganye, nafasi za ajira mwaka huu hazipo. Lakini nyinyi naona mna nafuu. Njiani Mkuu kaniambia huyo wa juu yuko vizuri, na wewe mwenyewe umenisomea sasa hivi, kila Jumapili anapata salamu za mkewe. Kuna vituo watu wanamaliza msimu hawajui kama wake zao wazima.” Akatazama saa. Boti ilipaswa kuondoka mapema ili ipite kwenye miamba mchana kweupe. “Haya, endelea.”

Mpishi akatazama karatasi. Mstari uliofuata ulihusu vyandarua. Akaurudia kwa macho mara ya pili, mara ya tatu, na haukutaka kutoka mdomoni.

“Mkewe yupi?” akasema.

“Mama,” Mkuu akanong'ona.

“Hapana, Mkuu, unisamehe, lakini mkewe yupi?” Sauti ile ya kuvuka mto ikaanza kupanda yenyewe. “Mheshimiwa, huyu mtu hana mke. Mkewe kaondoka. Kachukua watoto, kaenda kwa kaka yake, mwaka umepita, na kasema asitafutwe! Salamu natunga mimi! Nakaa pale jikoni nachambua mchele, najiuliza wiki hii nimwambie mtoto wake kafanya nini. Watoto wenyewe sijui hata walipo! Natunga kwa sababu akikosa na hizo sijui atabaki na nini. Yule alikuwa mtu wa kuongea, Mheshimiwa, tulikuwa tunamziba mdomo. Sasa anatuambia ameshiba, basi. Yuko peke yake kule, peke yake, na sisi tumekuandikia upungufu wa watumishi! Mimi siwezi kusoma vyandarua. Mnisamehe.”

Mkuu alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, maana habari hiyo ilikuwa mpya kwake kama ilivyokuwa kwa mgeni. Mwongozaji alijishika kichwa. Nahodha alikuwa amefumba macho. Na Fundi, Fundi alikuwa akinyoosha kidole, akielekeza kwenye jagi la maji.

Mpishi hakumwelewa. Akafuata kidole. Akalisogeza jagi.

Kipaza kilikuwa kimelala pale, mpira umekikaba kitufe vilevile alivyoufunga Fundi asubuhi. Mtu mwingine yeyote angeogopa kusema siri mbele ya kipaza kinachorusha sauti. Lakini hawa, kwa mazoea yao ya kila jioni, kipaza kilichofungwa mpira kwao kilikuwa chombo cha mezani kama kijiko. Hakuna hata mmoja aliyekikumbuka kwa wakati.

“Kuna mtu anasikia?” mgeni rasmi akauliza.

“Yeye, Mheshimiwa,” Nahodha akasema. “Anasikia yeye.”

MAOMBI

Sehemu hii Mkuu aliiandika vizuri kuliko zote, na haikusomwa. Iliomba injini, iliomba mabati, iliomba vyandarua, na kuongezewa watumishi kadiri hali itakavyoruhusu. Karatasi ilikuwa imeanguka chini, na Mpishi alikuwa akihangaika na fundo la mpira, vidole havimtii. Fundi akamsaidia. Kitufe kikaruka, na kutoka kwenye spika ukutani redio ikaanza kuvuma.

Wakangoja.

Mpishi akabonyeza. “Kambi ya Juu. Kaka, upo?” Akaachia.

Mvumo. Katibu wa mgeni rasmi akakohoa, akaona aibu kwa kukohoa.

“Kambi ya Juu nipo.”

“Umesikia?”

“Nimesikia. Tangu makaribisho.”

Mpishi akasema jambo, hakuna aliyelisikia, wala Kasuku hakulisikia kwa kuwa alisahau kubonyeza. Fundi akambonyezea. “Nisamehe, kaka,” akasema tena. “Nisamehe. Nisamehe mimi.”

“Kwamba salamu ni zako, hilo nalijua siku nyingi,” Kasuku akasema. Alisema polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliokufa ganzi. “Mama watoto, tangu nimuoe, hajawahi kuniuliza nimekula nini. Anayeuliza watu wamekula nini ni wewe.”

Nahodha akatoa kicheko kifupi kilichoishia kwenye machozi, akajifuta kwa mkono wa shati.

“Mbona hukuniambia unajua?”

“Ningekuambia ungeacha.”

Mpishi akaketi. Alikuwa amesimama tangu risala ianze. Alidhani hapo pameisha, kwamba Mungu amemhurumia kwa urahisi hivyo. Lakini Kasuku hakuwa amemaliza.

“Ila la kuondoka, dada, hilo ndio nalisikia leo. Mimi nilidhani ananyamaza tu. Si mtu wa maneno, unamjua. Nikawa najiambia, huyu dada anaongea kwa niaba yake, na mwenyewe yuko nyumbani kakaa kimya, ananisubiri. Kumbe nyumba haina mtu.” Redio ikavuma kidogo. “Lile jino. La mdogo. Nalo lilikuwa lako?”

Angetamani kusema la. Alitafuta namna ya kusema la, mbele ya watu wote wale, na hakuipata.

“Langu,” akasema.

“Haya.”

Neno hilo moja lilimuumiza kuliko kama angetukanwa.

Mgeni rasmi akanyoosha mkono. “Nipeni hiyo. Nabonyeza wapi?” Fundi akamwonyesha. Hotuba yake ilikuwa ndani ya mkoba, imechapwa vizuri, na aliiacha humohumo.

“Mlinzi, ni mimi Mkurugenzi.”

“Shikamoo, Mheshimiwa.”

“Marahaba. Nisikilize. Mtu wa pili wa kukaa nawe siwezi kukuahidi, kwa sababu sina, na sitaki na mimi nianze kukutungia. Lakini kanuni inasema walinzi wawili. Kama wawili hawapatikani, basi hata mmoja asiwepo. Funga kambi, ushuke. Hilo liko ndani ya uwezo wangu, na nimekwisha kulisema.”

“Mheshimiwa,” Mkuu akasema, amepata sauti sasa, “kambi ibaki tupu?”

“Ibaki tupu.” Akamtazama mpaka Mkuu akatazama pembeni. “Ilipokuwa na mtu mmoja tuliihesabu ina watu. Tulikosea.”

Kasuku akauliza, taratibu, kwa adabu, kama anavyouliza mtu ambaye kweli anataka kujua. “Nishuke niende wapi, Mheshimiwa? Mtu akishuka huwa anakwenda kwake.”

Mkurugenzi wa Hifadhi alikuwa na majibu ya mambo mengi. Alikuwa na jibu la injini na jibu la mabati. Kwa hili akashusha kipaza taratibu mpaka kwenye kitambaa cha meza. Ndipo Mpishi, bila kuomba ruhusa, akakichukua.

“Uje hapa,” akasema. “Ufunge mlango kesho, keshokutwa jioni uko hapa, nakupikia. Hapo mezani utakaa, kiti kipo. Halafu mimi na wewe na Nahodha tutashuka na boti mpaka kwa yule karani, na tutamuuliza mpaka akumbuke. Mkeo asipokutaka, hiyo ni haki yake. Watoto ni wako, lazima wajue baba yao yu hai. Na sitakutungia tena kitu. Hata ukiniuliza kama chumvi imezidi nitakwambia imezidi.”

“Wewe chumvi unazidisha daima,” Kasuku akasema.

Hakuna aliyecheka, wote walikuwa wameikodolea spika macho.

“Sawa,” akasema. “Nitafunga.”

SHUKRANI

Katibu akainama sikioni mwa mgeni rasmi. “Mheshimiwa, boti. Tukichelewa miamba itatukuta gizani.”

“Risala haijaisha,” mgeni rasmi akasema. “Mimi nikisomewa risala huisikiliza mpaka mwisho. Maliza, mama.”

Mwongozaji akaiokota karatasi, akaifuta vumbi, akampa Mpishi. Mpishi akasimama. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, machozi yakazivuruga herufi zote. Akafungua mdomo, na ile sauti ya kuvuka mto ikawa imekwenda. Akatikisa kichwa. Mkuu akapiga hatua aje kumsaidia, magoti yakamcheza, akasimama katikati ya njia.

“Dada,” redio ikasema. “Niachie nimalizie mimi. Hiyo sehemu naijua.”

Mgeni rasmi akasimama, na wote wakasimama naye, wameelekeza nyuso kwenye spika ukutani. Kasuku akakohoa kusafisha koo, kama wasomaji wa risala wanavyokohoa.

“Mgeni rasmi. Tunakushukuru kwa kuja na kwa kutusikiliza. Tunakutakia safari njema ya kushuka mto. Maji yakutoshe kwenye miamba, injini isikuzimikie njiani, na mvua ikungoje mpaka uwe ndani.”

Hapo ndipo maandishi ya Mkuu yalipokoma, yakabaki majina tu. Lakini Kasuku alikuwa bado ameshikilia kitufe chake kule juu, walimsikia akivuta pumzi.

“Na ukifika kwako, Mheshimiwa, ukabisha hodi, Mungu akujalie mtu wa kukufungulia.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kituo cha Mto na Kambi ya Juu.”